Bupe Aliyechechemea Nyumbani Tu

Ukitaka kumfundisha mtoto kufunga vifungo vya sweta, usianze na kifungo cha kwanza. Mfungie vyote wewe mwenyewe, ubakize cha mwisho, na hicho cha mwisho ukipenyeze nusu kwenye tundu lake. Yeye avute tu. Akivuta kikatokeza, kazi imekwisha, na aliyeimaliza ni yeye. Akishazoea, mwachie kupenyeza na kuvuta. Baadaye mwachie vifungo viwili. Unarudi kinyumenyume namna hiyo mpaka ifike siku anaanza mwenyewe kutoka juu. Ukianza na kile cha kwanza atachoka kabla hajaonja utamu wa kumaliza, na hapa kwetu Tukuyu, ambako sweta ni nguo ya mwaka mzima, mtoto asiyejua kufunga sweta lake hamalizi mafua.

Nimeanza na vifungo kwa makusudi. Vijana mnaokuja kunisalimia hapa Nkunga, walimu wapya na wale wa tiba ya viungo, huwa mnaniletea maswali makubwa. Usonji unatoka wapi, mwalimu? Kichwani kwa mtoto kuna nini? Mimi sijui. Nilikuwa mwalimu wa kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu katika shule ya msingi upande wa Masoko, nikazeeka nacho, nikastaafu. Ninachokijua kiko kwenye mikono na miguu ya watoto, na hata hicho sikijui chote. Lakini liko jambo moja lililonitia udadisi kuliko mengine yote, nalo nataka niwasimulie leo, maana nikifa nalo nitazikwa na mali ya watu.

Jambo lenyewe ni kuiga.

Aliyenipokea kazini alikuwa Mwalimu Anyitike, mzee mrefu mwenye sauti ya kuongoza ibada. Hiyo habari ya vifungo ni yake. Alikuwa akisema, "Mikono kwanza, maneno yatafuata," na alikuwa na zoezi lake alilolipenda sana, aliloliita Fanya Kama Mimi. Unakaa mbele ya mtoto, magoti yenu yanakaribiana, unamshika kidevu kwa upole mpaka akutazame, unasema, "Fanya kama mimi," unapiga makofi. Mtoto akipiga makofi, unasonga mbele: shika pua, inua mkono, gonga meza.

Kwa watoto wengi lilifanya kazi. Walikuwapo walioiga mpaka kupiga chafya kwangu. Lakini watoto wenye usonji walitushinda. Mmoja alitazama sikio langu muda wote kana kwamba kuna redio ndani yake. Mwingine, nilipopiga makofi nikasema fanya kama mimi, alinishika viganja vyangu viwili akavigonganisha yeye, kisha akanitazama kama mtu aliyekwisha kutimiza agizo. Nilicheka siku nzima. Ila usiku wa kufikiri ulipofika nikajiuliza: huyu hajaelewa nini hasa? Makofi ameyaelewa. Kwamba yanatakiwa yapigwe, ameelewa. Kilichompotea ni kwamba mikono inayotakiwa ni ya kwake. Hilo ni jambo dogo au ni jambo kubwa? Nilimpelekea Mwalimu Anyitike swali hilo, naye akakuna kichwa akasema, "Tuendelee tu, Tusekile."

Akastaafu, mimi nikabaki na kitengo. Ndipo akaletwa Bupe.

Aliletwa na mama yake, Sekela, mchuma chai, mwanamke mwembamba anayeongea taratibu. Bupe alikuwa na umri wa kuingia darasa la kwanza lakini hakuwa akisema zaidi ya maneno machache, na maneno yenyewe aliyasema akitaka yeye. Alikuwa anaanguka mno. Njia zetu mnazijua mvua ikinyesha, udongo unakuwa kama sabuni, na Bupe alizipita kama mtu aliyeazimwa miguu asubuhi hiyo. Kusimama kwa mguu mmoja avae buti la mvua hakuweza. Kikombe alikishika kwa mikono miwili na bado uji ulimwagikia sweta.

Nikampa Fanya Kama Mimi. Muhula mzima, wanangu. Nilipiga makofi mbele ya yule mtoto mpaka viganja vikawaka, na yeye alitazama dirisha, pole pole, kama mtu anayesubiri mvua ikatike aende zake. Nikaandika kwenye taarifa yake: haigi. Hivyo ndivyo tulivyoandika siku zile, na kwa nilichokiona darasani yalikuwa maneno ya kweli.

Basi asubuhi moja Sekela alimleta Bupe shuleni, na badala ya kugeuka aende shambani alisimama mlangoni.

"Mwalimu, Bupe ameanza kuchechemea."

"Ameumia?"

"Hatujui. Tumempeleka hospitali, wamempima, wamemgeuza geuza, wanasema mifupa mizima. Lakini nyumbani anachechemea mguu wa kushoto, anainamia upande, anakokota."

Nikamtazama Bupe. Alikuwa ameshavuka uwanja, anakimbia kwa kuyumba kwake kulekule, miguu yote miwili inakanyaga sawasawa.

"Mbona hapa hachechemei?"

Sekela akamtazama. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hilo ndilo linalotuumiza nyumbani. Mama mkwe anasema mtoto anamcheka."

Hapo ndipo nilipojua kwamba bibi wa mtoto, Bibi Tupokigwe, mama wa baba yake, alikuwa na nyonga mbovu. Alikuwa akitembea hivyohivyo: mguu wa kushoto unakokota, mwili unainama. Amelea watoto na migomba kwa mguu huo, na hakuwa mtu wa kulalamika. Lakini kuchekwa na mjukuu katika uwanja wake mwenyewe kulimchoma. Majirani nao hawakukosa la kusema. Wengine walisema mtoto amerithi ugonjwa wa bibi kabla ya wakati wake, wengine wakasema mengine ambayo siyarudii. Baba wa Bupe, Ipyana, fundi wa mashine kiwanda cha chai, alibanwa katikati ya mama na mke. Alikuwa ameamua: Bupe aende akakae kwa shangazi yake huko Isongole, bibi apumzike.

"Isongole kuna kitengo kama hiki karibu?" nikauliza, ingawa jibu nilikuwa nalo.

"Hakuna, mwalimu. Shangazi yuko kwenye viazi kutwa nzima. Bupe atafungiwa ndani. Atafanyaje? Mtoto anatoka anaenda tu, hatazami aendako."

Nikamwomba aniombee muda kwa mumewe mpaka Jumamosi.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Nilikuwa na swali lililonikaa kama kipande cha nyama kwenye jino: mtoto anawezaje kuwa na ugonjwa wa mguu nyumbani na asiwe nao shuleni? Jumamosi nikapanda bodaboda mpaka Masoko, tukashuka na njia ya migomba mpaka kwao.

Nikawasalimu. Bibi Tupokigwe aliitikia marahaba akaniletea kigoda, akaketi mbali kidogo, uso umefungwa. Ipyana alikuwapo, amesimama mlangoni na mikono kifuani. Nikaanza na yale niliyofundishwa, nanyi yashikeni: mtoto akichechemea, anza na kiatu, halafu unyayo, halafu goti, halafu nyonga. Msiruke. Nikamvua Bupe buti la mvua, nikaingiza mkono mpaka mwisho. Nikatoa punje za mahindi na soksi iliyojikunja. Nikadhani nimekwisha kushinda, nikamvalisha vizuri, nikasema, "Haya, tembea." Akaondoka sawasawa. Nikamgeukia Ipyana kwa majivuno kidogo. Wakati huohuo bibi akainuka kwenda kuchukua kikapu, na Bupe akageuka akamfuata, anachechemea.

Ipyana akasema, "Umeona mwenyewe, mwalimu. Anafanya makusudi."

Nikatazama unyayo, hakuna funza, hakuna mwiba. Nikakunja goti, nikazungusha nyonga, mtoto hakushtuka hata kidogo. Nikamwomba Sekela achukue ndoo aende naye bombani. Wakaenda wakarudi, Bupe nyuma ya mama yake, mwendo ule wa kuyumba tu, wa kawaida yake. Nikamwomba Ipyana atembee naye mpaka kwenye kibanda cha mbuzi. Bupe akapiga hatua ndefu, mabega ameyarudisha nyuma. Nikaangalia mabega ya Ipyana. Yalikuwa yamerudishwa nyuma vilevile.

"Mama," nikamwambia Bibi Tupokigwe, "naomba uende shambani kama unavyokwenda siku zote. Mimi nitakuja nyuma, nisikusumbue."

"Ili anicheke mbele ya mgeni?"

"Ndiyo, mama. Nataka nione anavyocheka."

Hakupenda, lakini alienda. Bupe alimfuata hatua mbili nyuma yake, na mimi nyuma yao, nikipita pembeni kwenye migomba ili niweze kumwona mtoto usoni. Bibi anakokota, mtoto anakokota. Bibi alisimama apumue, akaweka mkono kiunoni. Bupe alisimama, mkono kiunoni. Bibi akatua kikapu, akarekebisha kilemba chake kwa vidole viwili. Bupe hakuwa na kilemba. Akapeleka vidole viwili kichwani, mahali kilemba kingekuwapo, akavuta kitu kisichokuwapo.

Bibi akageuka akaona. "Si unaona? Si unaona anavyonifanya?"

"Nimeona, mama. Amecheka?"

"Nini?"

"Nakuuliza, umemwona akicheka? Mtazame uso."

Akamtazama. Uso wa Bupe ulikuwa umetulia kabisa, mdomo umefunguka kidogo, kama uso wa mtoto anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano.

"Mtu akikucheka," nikasema, "huwa anatupa jicho pembeni aone nani anacheka naye. Huyu mimi nipo hapa, hajanitazama hata mara moja. Hana habari na mimi. Anakutazama wewe tu."

"Sasa kama hanicheki, anafanya nini?"

"Nadhani anajifunza kutembea, mama. Na amekuchagua wewe umfundishe."

Bibi Tupokigwe akaendelea kumtazama mjukuu wake. Kisha akaketi juu ya kisiki cha mgomba, polepole kama mtu aliyetua mzigo. Bupe akaketi chini kando yake, akanyoosha mguu wa kushoto kama yeye.

"Tangu azaliwe," bibi akasema, "namwita haitiki. Nampa kitu, anashika kitu, mimi hanishiki. Nikasema moyoni, huyu mjukuu hanioni. Mimi kwake ni kama mti." Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Kumbe ameniona mpaka kilemba."

Nilimshika bega, nikasema ndaga, neno letu la pole na la asante, basi.

Ipyana aliposikia hakukubali papo hapo. Ni mtu wa mashine, anataka kuona kitu kinazunguka. "Shuleni mbona haigi? Wewe mwenyewe uliandika haigi." Swali zuri kabisa. Nilimjibu kwamba sijui, ila nadhani ni pale ninapokaa. Mimi ninakaa mbele, namshika kidevu, namwamuru. Bibi haamuru chochote, anatembea tu, na mtoto yuko nyuma yake, wanaelekea upande mmoja. Ukiwa mbele ya mtu, mkono wako wa kulia uko upande wa kushoto kwake, lazima augeuze kichwani kabla ya kuufuata. Ukiwa naye ubavuni, hakuna cha kugeuza. Tena makofi ni ya nini? Makofi hayaleti kitu. Kwenda shambani kunaleta ndizi. Ipyana akasema nimpe mwezi, ataona. Habari ya Isongole ikalala, na baadaye ikasahauliwa.

Kitu ambacho sikukitarajia ni alichokifanya bibi. Jumatatu yake, Sekela aliniambia, mama mkwe alivaa nguo za kanisani akaenda hospitali kuhusu nyonga. Miaka yote wanawe walikuwa wanambembeleza aende, anasema ataenda mavuno yakiisha, na ndizi haziishi mavuno. Sasa akasema, "Mtoto anafuata mwendo wangu. Siwezi kumwachia mwendo mbovu."

Walimpa dawa, fimbo, na mazoezi. Fimbo, mjue, hushikwa mkono wa upande usiouma, si upande mbovu kama watu wanavyodhani. Mguu mbovu na fimbo vinaenda pamoja. Mazoezi yalikuwa ya kuinuka kitini bila kushika, kusimama kwa vidole huku ameegemea ukuta, na kunyanyua mguu mmoja mmoja ahesabu taratibu. Bibi aliyafanya uwanjani kila asubuhi kabla ya chai. Na pembeni yake, mkono umeegemea ukuta uleule, Bupe aliyafanya yote.

Mimi nilikuwa nimehangaika muhula mzima na kusimama kwa mguu mmoja.

Ilizuka kesi ya fimbo, maana Bupe naye alitaka fimbo, akaokota kijiti kirefu kuliko yeye kikawa kinamkwaza. Ipyana akasema mtoto mwenye mifupa mizima hapewi fimbo. Mimi niliogopa vilevile. Bibi ndiye aliyesema, "Mwacheni, mimi nikiacha yangu ataacha yake." Siku mbili baadaye nikamkuta Ipyana anachonga fimbo fupi, amepima kwa kimo cha binti yake, anaikwangua kwa kipande cha chupa isimchome viganja. Nyonga ya bibi haikupona kabisa, ila alifika mahali pa kuiacha fimbo mlangoni akienda hapa karibu. Bupe akaacha yake palepale. Na kwenye njia za utelezi akawa haanguki kama zamani.

Shuleni nikahamisha viti. Kila mtoto mwenye usonji nikakaa naye ubavuni, na makofi nikayaweka kando. Tuliosha vikombe, tulikunja vitambaa, tulipanda viazi nyuma ya darasa, mimi nafanya changu na yeye anacho chake mkononi. Simwambii fanya kama mimi. Nafanya, nanyamaza, namwachia muda. Muda ndilo neno ambalo nyie vijana wa siku hizi mnalikosa. Wapo watoto wanaoona leo na kufanya wiki ijayo, wewe umeshakata tamaa. Msichana mmoja aliniangalia nikisuka mkeka muhula wote bila kugusa ukindu. Likizo ilipoisha mama yake alikuja na kipande cha mkeka kilichosukwa na binti yake nyumbani.

Lakini msiigeuze hii kuwa sheria. Kuna mvulana aliyefuata picha za kwenye simu tu. Mtu mzima akifanya hatazami, mtu huyohuyo akiwa ndani ya simu anatazama mpaka mwisho. Kuna mwingine ambaye hakuiga kwa namna yoyote niliyoijua, nikawa naweka mikono yangu juu ya yake, tunafanya pamoja, naipunguza nguvu kidogo kidogo mpaka mikono yangu inabaki kama kivuli. Na jihadharini: anayeiga anaiga kitu kizima, na kasoro zake. Bupe alijifunza kwangu kuosha vikombe, na akajifunza pia kuguna na kushika mgongo kila akimaliza kikombe. Nilikuwa sijui kwamba naguna.

Nilimpelekea Mwalimu Anyitike habari hizi nyumbani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, ameshika kidevu chake mwenyewe.

"Kwa hiyo nimewashika watoto videvu miaka yote hiyo bure?"

"Si bure, mwalimu. Vifungo vyako bado navitumia."

Akacheka, kisha akauliza, na hapo ndipo nilipozidi kumpenda, "Na yule aliyekugonganisha viganja vyako, je? Ungekaa ubavuni kwake, angegonganisha viganja vya nani?" Tukakaa mpaka chai ikapoa tunalijadili hilo. Hatukulimaliza. Sijalimaliza mpaka leo, na atakayelimaliza kati yenu aje aniambie.

Mwezi uliopita nilikwenda Masoko kuwaona. Bupe sasa ni binti mkubwa, amempita mama yake kimo. Maneno yake bado ni machache, na mvua ikipiga bati kwa nguvu bado anaziba masikio na kulia. Nilimkuta barazani anamenya ndizi za mbalaga, zile za kupika, kisu kinapita sawasawa, maganda yanaanguka mahali pamoja. Kando yake alikaa binti mdogo wa baba yake mdogo, Atupele, mtoto aliyeanza kusema juzijuzi, ameshika kijiti na ganda la ndizi, anakwangua.

Bupe alisimamisha kisu. Atupele akasimamisha kijiti. Bupe akamtazama yule mtoto, uso kwa uso, kitu ambacho nimekiona kwake mara chache sana. Akaweka kisu chini. Akainua kiwiko kimoja hewani, taratibu, akasubiri.

Atupele akainua kiwiko.

Bupe akashusha kile, akainua cha pili, akasubiri tena. Nilitaka kumwita Sekela aje aone, nikajizuia. Nilivuta kigoda changu kwa uangalifu, nisikwaruze sakafu, nikakaa nao ubavuni.